Ruhusa ya Kusoma Kila Ukurasa

MTAFSIRI (kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi; anatafsiri na kunakili sauti kwa wateja wa mtandaoni): Nianze na lalamiko langu, maana bila hilo tusingekaa hapa. Nimefika maabara asubuhi, nimefungua kivinjari, nimekuta kimefagiliwa. Kizuia matangazo hakipo. Kikagua Kiingereza changu hakipo. Kile kinachopunguza mwendo wa sauti ili ninakili mahojiano hakipo. Nikijaribu kuvirudisha naambiwa msimamizi amezuia. Msimamizi ni wewe, kaka, na hukumuuliza mtu. Kuna mteja anayengoja kazi, na huyo hanijui kwa sura wala kwa kambi. Ananijua kwa saa ninayowasilisha.

FUNDI (Dzaleka, anatunza kompyuta za maabara ya mafunzo): Sikatai, nimefunga mimi. Lakini kumbuka, dada, siku unakiweka hicho cha kupunguza mwendo wa sauti kilikuomba nini? Kilitokea kisanduku chenye mstari mmoja: kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Ukabonyeza kuongeza, ukaendelea na kazi. Mstari ule haukutiwa chumvi. Ukurasa wowote utakaofungua, kiendelezi, yaani programu ndogo kama hiyo inayoongezwa kwenye kivinjari, kinaweza kuusoma: barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, fomu unayojaza, nenosiri ukiwa bado unaliandika. Na kinaweza kubadilisha unachokiona. Sasa kompyuta ile asubuhi ina mwanafunzi, mchana ina wewe, jioni ina baba anayewaandikia ndugu zake walioko Canada kuhusu kesi ya familia. Ulipobonyeza, uliwabonyezea wote.

MTAFSIRI: Tulifundishwa kwenye maabara hiihii kwamba anwani ikianza na https, hakuna anayesoma katikati.

FUNDI: Katikati, ndiyo. Ukurasa unasafiri umefungwa kutoka seva mpaka kwenye kompyuta. Ukishafika unafunguliwa ili wewe uusome, na kiendelezi kinakaa hapohapo unapofunguliwa. Kinachoonekana na jicho lako kinaonekana nacho.

MTAFSIRI: Basi Chrome yenyewe inaona. Windows inaona. Mbona hizo hukuzifunga? Umechagua kinachokutisha wewe. Nikwambie kinachonitisha mimi: bando. Ukurasa mmoja wa habari unakuja na video zinazojicheza zenyewe, na kila moja inakula kwacha yangu kabla sijasoma sentensi. Kizuia matangazo ndicho kinachoifikisha wiki mwisho. Na sisemi pesa peke yake. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba wahalifu wananunua matangazo kwenye mitambo ya kutafuta, wanajifanya kampuni inayojulikana, mtu anabonyeza tokeo la kwanza anaangukia kwenye mtego. Katika ushauri walioutoa, mmoja ulikuwa kuweka kizuia matangazo. Wewe umetuvua kinga ukaita usalama.

Na jambo la pili, ambalo wenzetu wa nje ya kambi hulisahau. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka vizuizi, kimojawapo juu ya haki ya kuajiriwa. Mwaka 2023 hata waliokuwa na vibanda vyao Lilongwe waliamriwa warudi Dzaleka. Kazi ya mtandaoni ndiyo niliyobaki nayo. Anayegusa zana zangu amegusa chakula cha wanangu.

FUNDI: Kuhusu kizuia matangazo tuko karibu kuliko unavyodhani. Swali langu ni kipi. Oktoba 2017 kwenye duka lenyewe la Chrome kulikuwa na kiendelezi bandia kilichobeba jina la AdBlock Plus, na watu 37,000 walikiweka kabla hakijaondolewa. Picha ileile, jina lilelile. Kwenye kompyuta ile uliyokuwa unatumia nimekuta vizuia matangazo viwili kwa pamoja, kimoja hata jina lake sijapata kulisikia. Cha kwako kilikuwa kipi?

MTAFSIRI: Chenye ngao nyekundu.

FUNDI: Ngao nyekundu huenda ni uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, mtu asiyepokea hata michango. Hicho ningekitetea popote. Lakini kipo kingine kinaitwa uBlock tu, chenye wenyewe wengine kabisa. Na Google ilipobadilisha kanuni za viendelezi, uBlock Origin ikazimwa kwenye Chrome, watu wakaambiwa watafute kingine. Hill ana toleo dogo, uBlock Origin Lite. Mtu asiyelijua hilo anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta anachukua cha kwanza. Hapo ndipo wenye viendelezi bandia wanapomngojea.

MWENYE STESHENARI (Lilongwe, Mtanzania, anachapa, anaskani na kukodisha kompyuta): Wanangu, mimi sijui majina hayo. Kwangu mtu anakuja na karatasi anataka iwe PDF, mwingine ana PDF anataka Word, na foleni iko mlangoni. Naweka kiendelezi kinachogeuza, kazi inakwisha. Ninachoangalia ni mambo mawili, nyota na idadi ya watu. Watu milioni wakikitumia na wakakisifia, mimi ni nani nikiogope?

FUNDI: Mama, hicho kipimo ndicho kilichonipotosha hata mimi kwa muda mrefu, kwa sababu kina mantiki. Lakini chukua The Great Suspender. Kilikuwa kinalaza vichupo visivyotumika ili kompyuta isichoke. Kwa mashine kuukuu kama zetu, zenye kumbukumbu ya GB 4, kilikuwa neema. Kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, nyota tele, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Juni 2020 aliyekitengeneza alikiuza kwa mnunuzi asiyejulikana. Watumiaji hawakutajwa kwenye mauzo, lakini waliuzwa nacho: ni sawa na minibasi kuuzwa ikiwa barabarani, abiria wamo ndani, na dereva mpya hajawahi kuonekana. Baadaye mwaka huohuo likaja sasisho lililokipa uwezo wa kuchota amri kutoka kwenye seva nyingine. Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwenye vivinjari vya watu, ikakiita programu hasidi. Nyota zote zile zilitolewa kwa mtu aliyeshaondoka.

MTAFSIRI: Lakini umeruka kitu. Nani aligundua? Watumiaji wenyewe, waliousoma msimbo wakapiga kelele. Na Google ikakizima. Mfumo ulifanya kazi yake.

FUNDI: Kati ya Juni na Februari ni miezi minane. Hesabu barua ngapi zimeandikwa kwenye maabara hii kwa miezi minane.

MTAFSIRI: Nakuuliza swali moja ulijibu bila kuzunguka. Ungekuwa na orodha yako ya vilivyoruhusiwa mwaka 2020, The Great Suspender ingekuwamo?

FUNDI: Ingekuwamo. Ningeiweka ya kwanza.

MTAFSIRI: Basi.

FUNDI: Ngoja, jibu lako lina mkia. Kiendelezi kikitaka ruhusa mpya, Chrome hukizima mpaka ukubali. Lakini kikiwa tangu siku ya kwanza kimeshapewa tovuti zote, mmiliki mpya hana cha kuomba. Sasisho linaingia lenyewe, kimya, na hakuna kisanduku kitakachotokea kukwambia mwenyewe amebadilika. Ndiyo maana nabishana na ruhusa ile kubwa kuliko ninavyobishana na kiendelezi chenyewe. Kizuri chenye ruhusa ya tovuti moja kikiharibika, kimeharibika kwenye tovuti moja.

MWENYE STESHENARI: Mimi basi nitafute vya kampuni kubwa. Antivirusi yangu nailipia kila mwaka, ina kiendelezi chake, kinaniwekea alama ya kijani kwenye tovuti salama.

FUNDI: Ni ya kampuni gani, Mama? Usinijibu, nitakusimulia ya moja tu. Avast, kampuni ya antivirusi inayojulikana dunia nzima, ilikuwa inakusanya kurasa wanazotembelea watu kupitia viendelezi na antivirusi yake, kisha kampuni yake tanzu, Jumpshot, inaziuza. Ilifichuka Januari 2020, Jumpshot ikafungwa. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza data hiyo kwa ajili ya matangazo. Watu walikiweka kiendelezi kile ili kiwalinde na wanaowafuatilia.

MWENYE STESHENARI: Yaani nimlipe mlinzi, naye auze ratiba yangu?

MTAFSIRI: Mama, asikutishe. Kampuni yenye jina na anwani inaweza kushtakiwa, ndiyo maana imetozwa. Kikagua Kiingereza changu ni Grammarly. Februari 2018 Tavis Ormandy wa Google alikuta kosa kwamba tovuti yoyote ingeweza kuiba ufunguo wa akaunti ya mtu na kusoma nyaraka zake, na watumiaji walikuwa kama milioni 22. Wakarekebisha ndani ya saa chache. Kosa likitokea kwa mwenye heshima ya kulinda, analirekebisha. Kwa hiyo kuna tofauti kati ya kiendelezi na kiendelezi, na wewe umefuta vyote kwa ufagio mmoja.

FUNDI: Umesema vizuri, na tofauti hiyo ipo. Lakini hata mwenye heshima anaweza kuvamiwa. Siku ya kuamkia Krismasi 2024, mfanyakazi wa Cyberhaven alipokea barua pepe ya kujifanya imetoka duka la Chrome, ikamwambia kiendelezi chao kinakaribia kufungiwa. Akabonyeza, akaidhinisha. Wavamizi wakapandisha toleo lao lenye sumu, likasambaa kwa watumiaji kama 400,000, likiwinda vidakuzi, yaani zile kumbukumbu ndogo zinazokufanya ubaki ndani ya akaunti bila kuandika nenosiri tena. Viendelezi vingine zaidi ya 30 vilikumbwa na mbinu hiyohiyo. Na kazi ya Cyberhaven ni nini? Kuzilinda kampuni zisivujishe data.

MTAFSIRI: Asante kwa kunisaidia. Kama kampuni ya usalama imeanguka, basi hakuna ujuzi wangu wala wako utakaotutambulisha kibaya kabla hakijauma. Sasa kosa langu lilikuwa lipi? Unatuadhibu kwa kutojua jambo ambalo hata wao hawakulijua.

FUNDI: Sijakuadhibu. Nimepunguza milango. Usipoweza kujua upi utavunjwa, unabaki na michache.

MTAFSIRI: Michache kwa hesabu ya nani?

FUNDI: Tuanze na vinavyohitajika kweli. Kulaza vichupo? Chrome yenyewe sasa inafanya. Kugeuza ukurasa kuwa PDF, Mama? Unabonyeza kuchapa, unachagua kuhifadhi kama PDF, hakuna kiendelezi. Kunakili sauti, dada, kuna tovuti ya oTranscribe: unafungua faili, unapunguza mwendo, unaandika hapohapo, na sauti haitoki kwenye kompyuta. Kwa mteja anayekukabidhi mahojiano ya watu, hilo la mwisho si dogo. Hizi ni kazi tatu tulizokuwa tumezilipia kwa ruhusa ya kusoma kila kitu, na zote zilikuwa zinapatikana bila ruhusa hiyo.

MTAFSIRI: Hiyo ya oTranscribe ungeniambia Jumatatu, tusingegombana Jumanne.

(Mwandishi anaingilia kidogo, kwa sababu wasemaji wote watatu wanalichukulia jambo moja kuwa linajulikana. Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, na Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa. Firefox ya Android inavipokea, na tangu Desemba 2023 imefungua mlango kwa viendelezi vingi. uBlock Origin nzima inafanya kazi humo. Mwenye simu yake ana uamuzi wake mkononi. Ubishi huu unachoma zaidi pale mashine ni moja na watu ni wengi, na sioni aibu kusema kwamba ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya Dzaleka. Kambi ilifunguliwa 1994 ikipangiwa watu 10,000 hivi, na sasa imepita 50,000.)

MWENYE STESHENARI: Naona mnanilenga mimi mnapozungumza habari za mashine ya wengi. Kwangu mteja anafungua Gmail, anachapa barua, anaondoka na haraka zake, akaunti iko wazi. Nimewahi kumkimbilia mtu mpaka kituo cha basi arudi kuifunga. Sasa nikiongeza na hivi viendelezi vinavyosoma, nalala vipi?

FUNDI: Fungua wasifu wa mgeni, Mama. Bonyeza ile picha ya duara juu kulia, chagua mgeni. Dirisha linalofunguka halibebi kiendelezi hata kimoja, na mteja akilifunga, akaunti, historia na vidakuzi vyake vinafutika. Ila alichokipakua kinabaki kwenye folda, hicho ukifute mwenyewe. Na jihadhari na mteja anayeingia kwenye Chrome yenyewe kwa akaunti yake na kuwasha usawazishaji. Viendelezi vyake vya nyumbani vinakuja kukaa kwako, na atakachokiweka kwako kinamfuata nyumbani.

MTAFSIRI: Hapo ndipo ninapouma meno. Mwenye laptop yake anachagua zana zake, anazipanga anavyotaka, anafanya kazi haraka, anapata kazi nyingine. Sisi wa mashine ya pamoja tunapewa dirisha la mgeni, tupu, na kila siku ni siku ya kwanza. Kwa nini usalama wa maskini kila mara uwe wa kunyang'anywa?

FUNDI: Kwa sababu anayenyang'anywa siku ikiharibika naye ni maskini. Sikiliza kisa hiki, halafu uniambie. Julai 2019 mtafiti Sam Jadali alichapisha uchunguzi alioupa jina la DataSpii. Viendelezi vinane, watumiaji kama milioni 4. Kazi yake ilikuwa nini? Vilikuwa vinakusanya anwani za kurasa. Hasa anwani. Baadhi vilitulia wiki kadhaa baada ya kuwekwa ndipo vikaanza, ili aliyekagua siku ya kwanza asione kitu. Anwani hizo zikauzwa kwa kampuni ya takwimu, na aliyelipa aliweza kuzifungua.

MWENYE STESHENARI: Anwani ya ukurasa ina ubaya gani?

FUNDI: Mama, ukiskani cheti cha mtu ukakiweka Google Drive, ukampa kiungo kwamba yeyote mwenye kiungo afungue, kiungo chenyewe ndicho ufunguo. Hakuna nenosiri jingine. Kwenye DataSpii walikuta marejesho ya kodi, majina ya wagonjwa, ratiba za safari za watu, kwa njia hiyo. Sasa weka hapa kwetu. Mtu amekimbia Kivu au Burundi. Barua yake kwa UNHCR inataja aliyemtishia, kijiji, majina ya watoto, mahali alipo mkewe. Ameiweka kwenye Drive, kiungo amekituma kwa wakili. Anayemtafuta si lazima avunje chochote. Anunue orodha.

MTAFSIRI: …Ulijua wapi kwamba watu wanaweka barua hizo Drive?

FUNDI: Nawafundisha mimi. Ndiyo sababu sikulala, ndiyo sababu nilifunga bila kuuliza. Na katika vile vinane, kimoja ni SaveFrom.net Helper, ambacho nusu ya vijana hapa wanakijua kwa kushushia video za masomo. Kingine ni SpeakIt!, kinachosoma maandishi kwa sauti.

MTAFSIRI: Umetaja SpeakIt! mwenyewe, na mimi nilikuwa nakuja huko. Kuna mwanafunzi hapa ambaye macho yake yamebaki kidogo sana. Unamjua. Masomo ya chuo kwa mtandao yapo Dzaleka tangu 2010, Wajesuiti walipoyaanzisha, na yeye ni katika walioyapata. Anasoma kwa kusikiliza. Kisomaji chake lazima kiwe na ruhusa ya kila ukurasa, hakuna njia, maana kazi yake ni kusoma kila ukurasa. Ulipofagia, umemfagia na yeye. Hakuja kulalamika kwako. Alikaa siku nzima mbele ya skrini asiyoiona.

FUNDI: Hilo sikuambiwa.

MTAFSIRI: Hukuuliza.

FUNDI: … Windows ina kisomaji chake, na kuna NVDA, ya bure, inayosoma kompyuta nzima bila kuwa kiendelezi. Nitaiweka leo. Lakini nakubali kwamba alipoteza siku kwa sababu yangu, na leo si jana.

MWENYE STESHENARI: Mmefika mahali ambapo nyote mna haki, na mimi bado nina wateja. Nipeni cha kushika. Ukikutana na kiendelezi, unaanza wapi?

FUNDI: Kwangu, Mama, swali la kwanza ni kama kivinjari au tovuti ya kawaida haifanyi kazi hiyohiyo. Kikihitajika kweli, nasoma ruhusa kabla ya nyota. Kikitaka tovuti zote kwa kazi ya tovuti moja, nakiacha. Kikiwa na sababu, naenda kwenye mipangilio yake nakibana kisome pale tu ninapokibonyeza, hilo Chrome inaruhusu. Naangalia mwenyewe ni nani na anakula nini, kwa sababu mwenye kiendelezi cha bure chenye watu milioni anapigiwa simu na wanunuzi. Kwenye Firefox natafuta vile vilivyopendekezwa na Mozilla wenyewe, maana hivyo wanavikagua kabla ya kila sasisho. Nisichokitumia nakitoa.

MTAFSIRI: Na VPN? Kuwa mkweli, maana vijana wengi wanaziweka. Tovuti nyingine za kazi zikiona Malawi zinakufungia hata hujajieleza.

FUNDI: Za bure? Kumbuka Hola. Mamilioni ya watu waliitumia, na mwaka 2015 ikajulikana kwamba intaneti ya watumiaji wake ilikuwa inauzwa kwa wateja wengine kupitia Luminati. Mtu usiyemjua, upande mwingine wa dunia, anapita kwa jina lako. Laini ya simu hapa Malawi imesajiliwa kwa jina lako, dada. Akifanya uhalifu, mlango utakaogongwa ni wa mkimbizi. Na bando ni lako.

MTAFSIRI: Hapo sibishani na wewe. Hapo nawaambia vijana wangu hivyohivyo. Lakini hili la orodha silimezi. Umeweka faili moja la sera kwenye kila kompyuta, alama moja ya nyota (*) inayozuia viendelezi vyote, chini yake majina uliyoyaruhusu. Nimeliona. Majina yote umeyaandika wewe. Sisi watu wa kambi tunaishi kwa orodha za wengine: orodha ya mgao, orodha ya kuhojiwa, orodha ya wanaosafiri. Sikutegemea kijana aliyekulia hapa aje atuandikie nyingine.

FUNDI: Hilo limeniingia. Lakini lazima mtu aandike.

MTAFSIRI: Malawi ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2024, na MACRA, mamlaka ya mawasiliano, ndiyo msimamizi wake. Msingi wake ni kwamba mtu aambiwe data yake inashikwa na nani na kwa sababu gani. Wewe ulipopitia kompyuta moja baada ya nyingine ukiangalia nani ameweka nini, ulimwambia nani?

FUNDI: Sikumwambia mtu. Lakini sheria hiyo itamfikia lini aliyenunua kiendelezi gizani, hatujui yuko nchi gani? Mpaka imfikie, kilicho karibu ni faili langu.

MTAFSIRI: Basi faili liwe letu. Libandikwe ukutani, kwa Kiswahili na Kichewa, kila jina na sababu yake, na kila lililokataliwa na sababu yake. Mtu akiomba kiendelezi, ajibiwe siku ileile au kesho yake, asingoje mpaka fundi apate nafasi. Anayetumia mashine kwa kazi ya kulipwa na anayeitumia kwa masomo wawe na mtu wao mezani. Mimi niko tayari kukaa.

FUNDI: Utakaa kila mwezi? Maana orodha inaoza. Kilicho salama leo kinauzwa kesho. Inabidi mtu apitie kila jina, aone mwenyewe ni yuleyule, aone ruhusa hazijapanuka, asome watu wanalalamika nini. Ni kazi ya saa nyingi, na hailipwi.

MTAFSIRI: Nitakaa. Nasoma Kiingereza cha masharti yao kuliko wewe.

MWENYE STESHENARI: Na mimi mnitumie hiyo karatasi kwa WhatsApp, nibandike Lilongwe. Wangu nao ni watu.

FUNDI: Nakubali karatasi. Nakubali meza. Kuna moja sijakubali. Siku nikisikia kiendelezi kilichomo kwenye orodha kimeuzwa au kimevamiwa, siitishi kikao. Nakifunga saa hiyohiyo.

MTAFSIRI: Hata kama ni katikati ya kazi yangu?

FUNDI: Hata kama ni katikati ya kazi yako. Halafu nakupigia.

MTAFSIRI: Unipigie kwanza. Dakika tano, nihifadhi nilichoandika, nimwandikie mteja.

FUNDI: Cyberhaven waligundua haraka, na bado vidakuzi vya watu vilikuwa vimeshaondoka. Katika dakika tano hizo barua ya nani iko wazi kwenye kichupo cha pili?

MTAFSIRI: Na wewe ukikosea, ikawa ni uvumi wa mtandaoni tu, kiendelezi kizima hakina kitu, mteja wangu ameshapata mwingine: nani ananirudishia?

FUNDI: Hakuna.

MTAFSIRI: Basi hilo liandike nalo kwenye karatasi, kwa herufi zilezile.